Barazani: Kanuni za mchezo zina mwenyewe?

Barua za mara hii karibu zote zinahusu michezo ya uhusika, ile ya kukaa mezani na karatasi, penseli na dadu: mmoja anakuwa msimulizi, waliobaki kila mtu ana mhusika wake, na kisa kinakwenda kwa wanayoyaamua wao na kwa inavyoangukia dadu. Wanaotuandikia hawaulizi namna ya kucheza. Wanataka kuchapa na kuuza, na wanaogopa kushitakiwa.

"Assalaam alaykum. Sisi ni vijana watano, tunacheza Dungeons & Dragons kila usiku wa Ijumaa kwa kitabu cha kuazima. Tumeandika kisa chetu cha Kiswahili kinachoanzia bandari ya Malindi na kumalizikia Pujini. Tunataka kukichapa tukiuze. Mwenzetu mmoja anasema tutashitakiwa kwa kuwa kanuni zina wenyewe Marekani. Ni kweli?"
Wachezaji, Mikunguni

Wa alaykum salaam. Mwenzenu ana haki ya kuogopa, ila anaogopa kitu sicho.

Chukueni bao. Mashimo 32, kete 64, kunamua kwanza kisha mtaji, na nyumba ina hukumu zake. Hakuna wa kumzuia mtu wa Makunduchi asicheze bao wala asieleze linavyochezwa. Lakini fundi akichonga bao lenye nakshi zake, nakshi zile ni zake. Na mtu akiandika kitabu cha kufundisha bao, sentensi zake ni mali yake. Ukikisoma kitabu, ukakifunga, ukaeleza bao kwa maneno yako, hujamchukulia kitu. Ukizipiga fotokopi kurasa zake ukauza, umemwibia.

Sheria zinakwenda hivyo hivyo. Huko Marekani jambo hili lilikatwa mwaka 1880 katika kesi ya Baker na Selden, iliyohusu kitabu cha namna ya kuandika hesabu za biashara: mahakama ilisema kitabu kina mwenyewe, lakini njia ya kuhesabu iliyoelezwa ndani yake haimilikiwi kwa hakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, kifungu cha 9, unasema hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo, utaratibu, wala njia ya kufanya kitu. Sisi hapa tuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003, na ofisi inayoshughulikia ni COSOZA. Ya Bara ni nyengine na ofisi yake ni nyengine. Msipeleke faili lenu kusiko.

Kwa hivyo "tupa dadu ya pande 20, ongeza uwezo wa mhusika, ukifika namba iliyowekwa umefaulu" haina mwenyewe. Vyenye mwenyewe ni maneno yaliyotumika kuieleza, picha, ramani, viumbe waliobuniwa na majina yao, na chapa ya mchezo.

Mtauliza, basi leseni huria, kibali cha maandishi anachokitoa mwenye mchezo, ya nini? Ya kuwa mpaka baina ya kanuni na maneno hauonekani kirahisi. Maelezo ya uchawi mmoja ndani ya kitabu ni kanuni na fasihi zilizosukwa pamoja kama ukili, ukivuta mmoja unakuja na mwengine. Miaka ya 1990 kampuni ya TSR, iliyokuwa na mchezo huu wakati huo, ilikuwa hodari wa kupeleka wenzake mahakamani, na mchapishaji mdogo hata akiwa na haki hana fedha za wakili. Leseni huria haikupeni kanuni. Kanuni mlikuwa nazo. Inakupeni maandishi ya mwenye mali kwamba hatokusumbueni, madhali mnafuata masharti yake. Mnachopewa ni usalama, na thamani ya usalama huo inategemea kama aliyeutoa anaweza kuurudisha mfukoni.

Kisa chenu ni chenu. Malindi ni mtaa wetu wa Unguja, na magofu ya Pujini kule Pemba na habari za mtawala wake, Mkama Ndume, ni historia, hazina leseni. Popobawa naye, kama mmemtia, hana mwenyewe, ila msinukuu maneno ya mtu aliyeandika kitabu juu yake. Kabla ya kwenda kwa mpiga chapa fanyeni hivi: toeni nakala moja ya karatasi, mkae na kalamu nyekundu, mpigie mstari kila sentensi iliyonukuliwa au kutafsiriwa kutoka kitabu cha kuazima, kila kiumbe ambaye namba zake zimetoka humo, na kila picha iliyotoka mtandaoni. Visivyo na mstari chapeni. Vyenye mstari visomeeni jibu letu kwa wanafunzi wa Jambiani hapo chini, lenye mfano wa kaa mkubwa. Picha ziondoeni zote leo. Watu wanahangaika na kanuni kumbe kilichowaangusha ni picha ya joka iliyo kwenye jalada.

"Mhariri, nasomesha Wete. Ninachoshindwa kukifahamu ni kwa nini kampuni ya biashara itoe kanuni zake bure. Kuna mtego?"
Mwalimu, Wete

Mwalimu, palikuwa na hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa nzuri mpaka ilipomgeukia mwenyewe.

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974. TSR ilipoelemewa na madeni ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na Wizards nayo ikanunuliwa na Hasbro mwaka 1999. Mwaka 2000 likatoka toleo la tatu, pamoja na leseni inayojulikana kwa herufi OGL, yaani Open Game License. Aliyeisimamia ni Ryan Dancey, na wazo alilichukua kwa watu wa programu huria za kompyuta. Alitazama faida inapotoka. Kitabu kikuu cha wachezaji kinanunuliwa na kila aliyekaa mezani. Kijitabu cha kisa kinanunuliwa na msimulizi peke yake, mtu mmoja kati ya watano, lakini kazi ya kukiandika ni ile ile. Basi waachie wengine waandike visa, na kila kisa kitamrudisha mnunuzi kwenye kitabu kikuu. Muuza chai hachukii jirani yake akikaanga sambusa.

Kilichotolewa hakikuwa kitabu kizima. Ilikuwa hati kavu ya kanuni, isiyo picha wala hadithi, inayoitwa SRD, yaani System Reference Document. OGL yenyewe iligawa kazi mafungu mawili: maudhui huria, ambayo yeyote anaweza kuyachukua, na utambulisho wa bidhaa, yaani majina, wahusika na nembo, ambayo mwenyewe amejiwekea. Na ilikuwa na kifungu cha 15, ambacho wapya wengi walikikosea: ilikubidi unakili taarifa ya hakimiliki ya kila kazi uliyochota kwake, na zile walizochota wao, kisha uongeze ya kwako mwisho. Ni kama isnadi. Ukiruka jina moja, mnyororo umekatika na leseni umeivunja. Ulikuwa na siku 30 za kurekebisha tangu kujua kosa.

Sambamba na OGL palikuwa na leseni ya pili, ya nembo ya d20, yaani dadu ya pande 20. Ilikuruhusu kuweka nembo ile kwenye jalada ili mnunuzi ajue kitabu chako kinakwenda na mchezo mkubwa. Masharti yake yalikuwa makali zaidi: usieleze namna ya kuunda mhusika wala namna anavyopanda daraja, ili mnunuzi alazimike kuwa na kitabu kikuu. Na nembo mwenyewe aliweza kuirudisha.

Wachapishaji wadogo waliona nembo ndiyo riziki. Maduka ya Marekani yakajaa vitabu vya d20, vizuri na vibovu rafu moja, mpaka wenye maduka wakashindwa kutofautisha. Mwaka 2003 likatoka toleo la tatu na nusu, na vitabu vilivyoandikwa kwa toleo la tatu vikachacha rafuni. Wengi walifunga. Waliosalimika, kwa kiasi kikubwa, ni waliotumia OGL bila ya nembo na kujenga mchezo unaosimama kwa miguu yake. Green Ronin walifanya hivyo mwaka 2002 kwa Mutants & Masterminds, mchezo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu ambao hauhitaji kitabu cha mtu mwengine.

Mwaka 2008 Wizards wakatoa toleo la nne kwa leseni mpya iliyobana, na leseni ya nembo ya d20 ikafikia mwisho wake. OGL haikuguswa. Paizo, waliokuwa wakichapa majarida ya mchezo huo kwa mkataba uliomalizika mwaka 2007, wakachukua kanuni za tatu na nusu kupitia OGL, wakazitengeneza, na mwaka 2009 wakatoa Pathfinder. Muuza chai akaona jirani wa sambusa amefungua mgahawa, na chai anayopika ni ile ile.

Wengine walikwenda mbali zaidi. OSRIC ya mwaka 2006 ilitumia maneno ya SRD ya toleo la tatu kuzijenga upya kanuni za toleo la kwanza, ambazo hazikuwahi kutolewa kwa leseni yoyote. Msamiati waliupata kihalali kupitia OGL, namba na taratibu hazina mwenyewe, na hivyo mchezo uliokwisha kuachwa kuchapwa ukarudi hai. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi ya kijanja kuliko zote zilizofanywa kwa leseni ile.

"Nimesikia OGL ilitaka kufutwa mwaka 2023. Kama iliandikwa ni ya kudumu, inafutwaje?"
Msomaji, Chake Chake

Kwa neno moja tu. Kifungu cha 4 kilisema leseni ni ya kudumu, ya dunia nzima, isiyo na mrabaha, yaani malipo kwa mwenye mali. Hakikusema haiondosheki. Kwa lugha ya mitaani ni mamoja, kwa wanasheria sivyo: kibali cha kudumu ni kisichowekewa tarehe ya kumalizika, na kisichoondosheka ni kile ambacho aliyekitoa hawezi kukirudisha. Kisha kifungu cha 9 kilisema unaweza kutumia toleo lolote la leseni "lililoidhinishwa". Miaka zaidi ya 20 watu walilisoma neno hilo kama ulinzi wao, kwamba likija toleo baya watabaki na la zamani. Mwanzoni mwa Januari 2023 ikavuja rasimu ya toleo la 1.1, na ndani yake imeandikwa kuwa toleo la 1.0a, lile lililokuwa likitumika, si leseni iliyoidhinishwa tena. Mlango ni ule ule, umefunguliwa kwa ndani.

Rasimu ilitaka pia mchapishaji mwenye mapato ya zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka atoe taarifa, na anayepita dola 750,000 alipe asilimia 25 ya kinachozidi. Angalia: ya mapato, si ya faida. Chukua mchapishaji aliyeuza vitu vya dola 1,000,000. Kilichozidi ni 250,000, na asilimia 25 yake ni 62,500. Ukishatoa karatasi, wachoraji, usafirishaji na fungu la maduka, tuseme amebakiwa na senti 8 katika kila dola, yaani 80,000. Mrabaha unamwachia 17,500. Mwaka karatasi ikipanda bei, anafanya kazi kwa hasara.

Wachezaji kwa wingi walifuta usajili wao wa kulipia kwenye tovuti ya mchezo huo. Tarehe 12 Januari Paizo wakatangaza kuwa wanaandikisha leseni nyengine, ORC, isiyo chini ya kampuni yoyote ya michezo. Tarehe 27 Januari Wizards wakarudi nyuma: OGL 1.0a ikaachwa kama ilivyo, na SRD 5.1, hati ya kanuni za toleo la tano, ikatolewa yote kwa leseni ya Creative Commons Attribution 4.0, kwa ufupi CC BY, leseni huria inayomtaka mtumiaji ataje chanzo. Hii imeandikwa wazi kuwa haiondosheki, na maandishi yake hayako mikononi mwa Wizards. Mwaka 2025 wakaiongeza SRD 5.2 kwa leseni hiyo hiyo.

Lakini imani haikurudi. Paizo waliandika upya vitabu vyao vikuu kuanzia Novemba 2023 ili kuitoa OGL kabisa, wakabadilisha hata majina ya uchawi yaliyozoeleka miaka yote. Kobold Press, waliokuwa wakichapa visa vya toleo la tano, walitoa mchezo wao wenyewe, Tales of the Valiant, mwaka 2024.

OGL 1.0a bado iko, na hakuna mahakama iliyowahi kutamka kama inafutika. Ushauri wetu: kazi iliyokwisha kutoka kwa OGL iache, kazi mpya usiianzie hapo.

"Tunataka kutafsiri kanuni za toleo la tano na kuandika viumbe vya hapa kwetu. Tupeni hatua, na mtuoneshe kwa mfano."
Wanafunzi, Jambiani

Tafsiri inaruhusiwa, kwa kuwa CC BY inaruhusu kubadilisha na hata kuuza. Pakueni SRD 5.1, si kitabu cha dukani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kitabu cha dukani kina mengi zaidi. SRD 5.1 ina kazi za wahusika 12, lakini kila kazi ina tawi moja tu. Ina asili moja tu ya mhusika, Acolyte, na kipaji kimoja tu, Grappler. Kila mnachotaka kukitumia kitafuteni kwanza ndani ya hati kwa jina lake la Kiingereza. Kisipokuwamo, hamna ruhusa nacho. Viumbe kama beholder, mind flayer, githyanki na displacer beast ni vya wenyewe, hata mkivipa jina la Kipemba.

Sasa mfano. Ndani ya hati mna kaa mkubwa. Kinga yake 15. Uhai wake 13, unaotokana na dadu tatu za pande nane. Mwendo futi 30 nchi kavu, na kuogelea futi 30. Gando lake anatupa dadu ya pande 20 na kuongeza 3. Likipata, madhara ni dadu moja ya pande sita na 1 juu yake, na aliyepatwa anabanwa, kujinasua anahitaji 11. Ana magando mawili, kila moja linabana mtu mmoja. Namba hizo zote mnaweza kuzichukua.

Mnataka awe kaa wa nazi, kama wale wa Chumbe. Mnamwandikia kuwa anapanda mnazi kwa mwendo wa futi 20, anatoka usiku tu, na akiwa juu anaangusha nazi: aliye chini ajinusuru kwa wepesi, namba 12, akishindwa anapata madhara ya dadu moja ya pande nne. Uhai mnaupandisha kuwa 22, dadu tano za pande nane. Hayo mapya ni yenu, ya mwanzo ni yao, na leseni inakudaini mambo matatu tu: kutaja chanzo, kutaja leseni na mahali ilipo, na kusema kuwa mmebadilisha. Fungu la kutaja chanzo limeandikwa tayari mwanzoni mwa SRD. Linakilini kwa Kiingereza herufi kwa herufi, msilitafsiri na msiongeze sifa nyengine kwa Wizards, kwani wameomba pasiwe na maelezo mengine. Chini yake andikeni kwa Kiswahili: "Sehemu zilizotoka SRD 5.1 zimetafsiriwa na kubadilishwa na waandishi wa kitabu hiki." Liwekeni ukurasa wa pili, kwa herufi zinazosomeka. Mkitoa karatasi ya kaa peke yake, nayo iwe na maneno hayo, kwa kuwa karatasi inasafiri bila ya kitabu. Faili msilifunge kwa nywila ya kuzuia kunakili sehemu mlizozitoa kwenye SRD, leseni inakataza. Mkigundua kosa na kulirekebisha ndani ya siku 30, haki yenu inarudi yenyewe.

Kwa upande wa lugha, wekeni orodha ya maneno kabla ya kutafsiri hata ukurasa mmoja, la sivyo ukurasa wa 10 mtasema "kinga" na wa 40 "ngao", na mchezaji atadhani ni vitu viwili. Futi ziacheni futi. Ramani za mchezo huu zimepigwa miraba ya futi tano tano. Mkigeuza kuwa mita kila mraba unakuwa moja na nusu, na hesabu za desimali usiku wa manane zinaleta ugomvi. Na uchawi wa mchezo msiuite kisomo. Neno hilo lina mahali pake, na kitabu chenu kitarudishwa na wazee kabla ya kufika skuli.

"Naweza kuandika Dungeons & Dragons juu ya jalada?"
Mtoni

Usiandike. CC BY inatoa ruhusa ya hakimiliki, haitoi ruhusa ya alama ya biashara, na OGL ilikuwa ikikataza kabisa kutaja kuwa kazi yako inakwenda na mchezo fulani. SRD 5.1 yenyewe imeruhusu useme kazi yako inaoana na toleo la tano. "Kinaoana na toleo la tano" kwenye kona ya jalada inatosha, wachezaji wanaelewa. Usiige herufi za nembo wala lile joka.

Na jina la mchezo wako mwenyewe ukitaka kulisajili, ofisi ya usajili kwa Zanzibar ni BPRA na kwa Bara ni BRELA. Usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili.

"Kuna soko la mtandaoni la DMs Guild linaloruhusu kutumia hata ulimwengu wao wa hadithi. Si bora huko?"
Mkoani

Inategemea unachokiandika. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 2016, mwandishi anapata asilimia 50 ya bei, na ni kweli unaweza kutumia miji na wahusika ambao SRD haina. Lakini kazi ikishaingia humo huiuzi kwengine, na ulichokibuni wenzako wa soko hilo wanaweza kukitumia humo humo. Kwa kisa kinachotokea katika miji yao hakuna njia nyengine, nenda. Kwa kisa cha Msitu wa Ngezi utakuwa umetoa nusu ya bei na uhuru wako kwa kukodi mji usioutumia.

"Tumetunga kanuni zetu wenyewe, za mashua na pepo za kusi na kaskazi. Tuitoe kwa leseni gani?"
Waandishi wanne, Mkokotoni

Kabla ya leseni, karatasi. Nyinyi ni wanne, na hakimiliki imezaliwa siku mlipoandika, bila ya usajili. Kwa hivyo leseni haitoki bila ya ridhaa ya wote wanne. Andikeni ukurasa mmoja unaotaja leseni kwa jina na toleo lake, wote mtie saini na tarehe. Mchoraji naye asaini yake, inayosema picha zinatumika wapi. Kumlipa mchoraji si sawa na kununua haki ya kuzigawa picha zake kwa dunia nzima.

Mkitumia CC BY, yeyote atachukua kanuni zenu, atajenga juu yake na kuuza, na nyinyi mtatajwa. CC BY-SA ni hiyo hiyo, ila atakayezibadilisha lazima naye atoe kazi yake kwa leseni hiyo. Ni nzuri kama mnaogopa mtu kuchukua na kufunga mlango, ila baadhi ya wachapishaji wataikwepa. ORC, iliyokamilika mwaka 2023, inazifanya kanuni kuwa huria zenyewe na kuyaacha majina, visa na picha kwa mwenyewe, bila ya kuhitaji kupiga mistari nini ni nini. Zile zenye herufi NC, zinazokataza biashara, hatuzipendi kwa kazi ya namna hii. Mwenye kibanda cha fotokopi Darajani hatojua kama anaruhusiwa kuwachapia wanafunzi, na mwandishi wa Tanga aliyetaka kuandika kisa cha pili cha mchezo wenu atakwenda kwa wengine.

Tungekuwa sisi tungegawa. Kanuni kwa CC BY 4.0, hadithi na picha zibaki zenu. Taarifa iwe wazi kama hii: "Sura ya 1 hadi ya 4 zinatolewa kwa leseni ya Creative Commons Attribution 4.0. Sura ya 5, ramani, picha na majina ya wahusika havimo katika leseni hiyo. Haki zote zimehifadhiwa." Gawanyeni kwa sura, si kwa aya. Kitabu ambacho aya moja ni huria na inayofuata si huria hakuna atakayethubutu kukitumia, na wakati wa OGL viliandikwa vingi vya namna hiyo. Na mkishatoa kwa CC hairudi. Kaeni mlifikiri wiki mbili kwanza.

"Dadu za pande 20 hazipatikani hapa. Tufanyeje?"
Wingwi

Mna njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta kanuni zisizozihitaji. Blades in the Dark ina SRD yake kwa leseni ya CC BY 3.0, na dadu zake ni za pande sita tu, hizi za ludo: unatupa moja au zaidi kwa kadiri ya uwezo wa mhusika, unatazama iliyo kubwa kuliko zote. Moja mpaka tatu mambo yameharibika, nne na tano umefaulu kwa gharama, sita umefaulu sawasawa. Michezo mingi imeshajengwa juu ya hati hiyo, na wenu pia unaweza.

Ya pili, chukueni kete 20 za bao zilizolingana ukubwa, ziandikeni 1 mpaka 20 kwa kalamu ya wino usiofutika, mzitie kwenye mfuko wa nguo usioonesha ndani. Kuchota moja ni sawa na kutupa dadu. Msizitupe kama kauri na kuhesabu zilizofunuka. Hapo namba za kati zitakuja mara nyingi na za mwisho ni kama hazitokuja, na kanuni zote za toleo la tano zimepimwa kwa dadu ambayo kila namba ina nafasi moja katika 20. Kete iliyochotwa irudi mfukoni na mfuko utikiswe kabla ya mwenzio kutia mkono, kwani 20 ikibaki nje hakuna mwengine atakayeipata usiku ule.